Machela yenye Miguu ya Jongoo

Mwaka wao wa mwisho chuoni Tabora, wanafunzi wa ufundi mitambo waliambiwa na mwalimu wachague mnyama au mdudu yeyote, wauchunguze mwendo wake, kisha watengeneze chombo kinachokwenda vivyo hivyo. Wengine wakakimbilia panzi, wengine nyoka. Spesioza akachagua jongoo.

"Jongoo!" Tobias, mwenzake wa kikundi, alishika kichwa. "Wenzetu watakuja na vitu vinavyoruka, sisi tuje na jongoo? Dada, utatuaibisha."

"Umewahi kumwona jongoo amekwama kwenye tope?"

Tobias hakuwahi. Nani amewahi? Ng'ombe anazama kwenye tope la mbugani wakati wa masika mpaka anavutwa kwa kamba, jongoo anajipitia zake juujuu, kwa kuwa uzito ameugawia miguu mingi, nayo hainyanyuki yote kwa pamoja. Spesioza alilijua hilo tangu utotoni, kwao Ulyankulu, na alikuwa na sababu ya kulikumbuka.

Mama yake alifia njiani, Spesioza akiwa darasa la tatu. Uchungu wa kuzaa ulimshika masika, barabara imekatika, majirani wakambeba kwa ingobyi, ile machela ya kusukwa ambayo wazee wao walikuja na ufundi wake kutoka Burundi. Wanaume wanne mabegani, wengine nyuma wakingoja zamu. Kufika mbugani mmoja akateleza, ingobyi ikaenda chini. Aliyeteleza ni Viktori, mume wa mgonjwa mwenyewe, baba yake Spesioza.

Tangu siku hiyo Viktori hakubeba tena mgonjwa wala jeneza. Watu wakiitana, yeye huchukua jembe akaenda shamba la mbali. Hakuna aliyemlaumu, na hakuna aliyemwambia kwamba halaumiwi. Hilo ndilo lililomuuma binti yake kuliko yote.

Basi wakatengeneza machela, yeye na Tobias. Minyororo ya baiskeli, miguu ya mbao za mninga, nyayo za matairi chakavu. Mtu mmoja anasukuma kwa nyuma, miguu inapokezana yenyewe. Masika ilipokolea wakaipakia kwenye lori hadi Ulyankulu, waijaribu palepale mbugani.

Majirani walijaa. Spesioza akaomba mtu wa kulala juu ya machela. Aliyejitokeza ni Viktori. Akavua kofia, akalala, Spesioza akashika mpini wa nyuma na kuanza kusukuma.

Ikaenda! Mguu baada ya mguu, tope likiushika na kuuachia, wala haikuyumba. Tobias akashangilia, akajikuta anashangilia peke yake.

"Mama, mbona mmenyamaza?" Spesioza alimuuliza Paskazia, jirani yao wa mlango wa pili.

"Chombo kizuri, mwanangu. Ila mgonjwa kusukumwa na mtu mmoja, kwani hana watu?"

Hee! Miezi yote ile ya kuchonga, ndiyo shukrani hii? Hasira zikampanda Spesioza. "Nimeitengeneza ili asitokee mtu mwingine wa kuanguka na mke wake!"

Hakuna aliyewahi kulitamka hilo mbele ya Viktori. Spesioza akatamani ardhi ipasuke immeze.

Viktori akajifunika uso kwa kofia, akasema akiwa amelala hivyo hivyo. "Sikuteleza. Bega lilikuwa limekufa ganzi zamani. Mbebaji akichoka anaita, anapokewa, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi niliona aibu. Mke wangu mwenyewe, halafu niite mtu anipokee? Nikang'ang'ania mpaka magoti yakaniishia."

Machozi yalimtoka Spesioza, mikono bado iko kwenye mpini. Miguu yote ile aliichonga kwa ajili ya tope, na tope halikuwa na kosa.

Ndipo Xavery, mwanamume wa rika la baba yake, akatoka kwenye kundi na kuingia topeni na viatu vyake.

"Siku ile nilikuwa nyuma yako, Viktori," alisema. "Nilikuona unatetemeka. Nikangoja uniite. Nikaona kukupokea bila kuitwa ni kukuvunjia heshima mbele ya mkeo. Mimi nami sijapata usingizi wa maana tangu hapo."

Viktori akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele za watu. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Xavery akashika ubao wa upande mmoja, wanaume wengine wakaja kushika pande zilizobaki, ingawa chombo hakikuwahitaji. Spesioza akauachia mpini, akawapisha.