Boksi Katikati ya Ngozi

Kwa nini mtu akudanganye kwa jambo ambalo halikumwongezea chochote? Swali hili ninalo tangu mwaka 2014, na kila ninapodhani nimepata jibu, naona kuwa ni jibu langu mimi, si lake.

Tulikuwa wawili tu katika chumba chetu cha kazi mjini Kasulu, nyuma ya maduka ya soko. Yeye alikuwa fundi viatu niliyesoma naye shule ya msingi. Mimi nilikuwa mwanamke mwenye shahada, niliyerudi nyumbani baada ya kuchoka kungoja ajira. Alinifundisha kushika msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na kutambua sehemu ya ngozi inayovutika na isiyovutika. Mimi nilileta mpangilio. Zamani alikuwa akitengeneza kitu kimoja mpaka kiishe, ndipo aanze kingine. Nikamshawishi tukate vipande vyote kwanza kwa kiolezo kimoja cha bati, tuvigundishe vyote, tuvishone vyote, kisha tumalizie kingo kwa pamoja. Vipande kumi tulivibana katikati ya mbao mbili, tukavipiga msasa kama kitu kimoja, tukavilowesha kidogo, tukavipaka nta na kuvisugua kwa kitambaa mpaka ving'ae. Kila hatua niliipima kwa simu na kuandika dakika zake ukutani kwa chaki.

"Msomi, siku moja utanipima hata nikienda chooni," alinitania.

"Ukichelewa huko nitaandika."

Kazi yetu kubwa ya mwaka ule ilikuwa vishikizo vya saa kwa wauguzi wa hospitali moja ya Kibondo, ambao huning'iniza saa kifuani badala ya kuzivaa mkononi. Kila kishikizo kilikuwa na tabaka tatu: ngozi laini mbele na nyuma, na katikati ngozi ngumu ya mgongo, ambayo ndiyo hushika pini. Ile ngumu ilitupotezea muda kuliko kitu kingine, kwa kuwa kisu kiligoma. Yeye alikata na kugundisha. Mimi nilishona na kumalizia kingo. Wiki ya pili kasi yake ikapanda ghafla. Nilimpongeza mbele ya wateja, nikapiga mstari chini ya dakika zake pale ukutani. Alitabasamu, akainama kuendelea na kazi.

Mvua zilipokolea, muuguzi aliyetuagizia alikuja Kasulu kusalimia ndugu, akaingia kwetu na salamu ya Kiha.

"Mwakeye, fundi! Saa yangu imejifunza kuogelea."

"Imefanyaje, dada?"

"Nimeinama kuosha kichanga, ikatumbukia kwenye beseni. Mama wa mtoto akaniuliza, 'Nesi, na wewe umejifungua?'"

Tulicheka, mimi na yeye. Kisha akakiweka kishikizo mezani. Kilikuwa kimevimba na kupasuka ubavuni, na ndani yake, mahali pa ngozi ngumu, palikuwa na boksi la katoni za sabuni lililogeuka uji. Wenzake wawili, akasema, nao saa zao zilikuwa zimeanguka.

Mwenzangu alikuwa Manyovu akitafuta gundi. Muuguzi alipoondoka, nilipekua chini ya meza yake. Ngozi ngumu iliyobaki tangu wiki ya kwanza ilikuwepo yote, imeviringishwa, haijaguswa. Kando yake palikuwa na kiolezo kingine cha bati nisichokijua, kidogo kuliko changu kwa unene wa njiti ya kiberiti kila upande. Nilielewa mara moja. Boksi lilikatwa dogo ili lisijitokeze ukingoni nitakapopiga msasa. Ule uangalifu wote tuliojifunza pamoja alikuwa ameutumia kunifumba macho.

Aliporudi nilimwonyesha kile kiolezo, nikamwambia kuwa saa za wauguzi watatu zimeanguka.

"Sijauza hata kipande cha ngozi," alisema kabla sijauliza. "Kagua."

"Nimekagua. Ndiyo maana nauliza kwa nini."

"Wewe si ulitaka dakika? Nikakupa dakika."

"Nilitaka saa za watu zisianguke!"

"Zimeanguka tatu, dada. Tatu tu. Watakaorudi tutawatengenezea vipya, mambo yaishe. Ukienda kusema Kibondo, nani atanipa tena hata kandambili nishone? Ukienda, mimi hapa sirudi."

Kilichoniuma zaidi hakikuwa boksi. Kwa wiki kadhaa alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, akinitazama nikisugua kingo zile kwa nta mpaka mkono unakufa ganzi, nikimwita aje aone zinavyong'aa, naye anakuja, anapitisha kidole, anasema, "Safi, msomi." Kuna nyakati namlaumu yeye peke yake. Kuna nyakati naikumbuka ile chaki ukutani, na lawama inakosa pa kukaa. Lakini vishikizo vilivyobaki vilikuwa vifuani mwa watu walioniamini, na kuvisubiri vipasuke kimoja kimoja kungenifanya mshirika wake.

Asubuhi nilipanda gari la kwanza la Kibondo. Njia ilikuwa tope tupu. Tulifika saa tano. Nikaomba wauguzi waliokuwepo wakusanyike katika chumba chao, nikasimama mlangoni na viatu vyangu vichafu.

"Vishikizo vyenu vya saa vina boksi ndani," nikasema. "Tumevitengeneza sisi. Naomba mvitoe sasa hivi."

Walitazamana. Kisha yule aliyekuwa karibu nami akafungua pini.