Siku Tulipopigilia Paa la Ntinda

Mimi Mbambu nasema tena, na asiyetaka kusikia azibe masikio: lile paa la chuo cha Ntinda tuliliezeka sisi wanawake, na aliyepanda wa kwanza ni Filda. Siku hizi kuna wanaume wanapita pale na wake zao, wanajigamba ati wao ndio walioshika nyundo. Waongo wakubwa.

Filda nilikutana naye pale pale kwenye ujenzi, mwaka 1975. Mimi nilikuwa mkimbizi kutoka upande wa Butembo, nauza mandazi barabarani. Yeye alikuwa mke wa askari. Mumewe, Otim, alitolewa kambini asubuhi moja mwaka 1971, baada ya serikali kupinduliwa, akapakiwa kwenye lori pamoja na wenzake Waacholi wa kaskazini, na hakurudi. Ukienda kuuliza unaambiwa ametoroka jeshi. Filda akafukuzwa kambini na watoto wake, akahamia chumba kimoja Kisugu pamoja na mama mkwe wake, Mama Acayo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kimenyooka kama amri. Siku ya kwanza aliniona nimekumbatia tofali kifuani, akasema, "Wewe Mkongo, tofali si mtoto. Wacha kubembeleza." Nikampenda papo hapo.

Kazi yenyewe ililetwa na mashirika mawili ya nje. Tangu Wahindi wafukuzwe, na mafundi wengi wakiwa miongoni mwao, mji ulijaa majengo yaliyokwama na wanawake wasio na pa kushika. Basi shirika moja likatoa saruji na mabati, la pili likatoa mishahara, wakapatana: chuo cha ufundi kijengwe na wanawake, wenyeji na wakimbizi pamoja, kwa mshahara sawa na wa wanaume. Watakaoezeka paa wahesabiwe mafundi na wapewe kazi katika majengo mengine yatakayofuata. Wakishindwa, paa wamalizie wanaume, na sisi turudi kuchota maji kama vibarua. Filda alikuwa na watoto wa kulisha na kodi ya chumba. Alikitaka hicho cheo cha ufundi kuliko sisi sote.

Aliyesimamia kwa niaba ya mashirika yote mawili alikuwa Madamu Nasike, mwanamke wa Mbale, mwembamba, mwenye haraka. Fundi mkuu alikuwa mzee Saverio. Huyo ukimwambia lolote anajibu, "Tutaona." Tulichimba msingi, tutaona. Tukapandisha kuta, Filda mbele na pima maji yake, tutaona. Saverio na vijana wake wakapandisha kenchi, zile mbao za kubeba paa, mabati yakaachwa kwetu.

Siku ya mabati hakuna mwanamke aliyegusa ngazi.

Madamu Nasike akadhani tunaogopa urefu. Akakimbia kuwaambia wakubwa wake, nao kwa huruma yao wakatuletea mikanda minene ya ngozi ya kujifunga kiuno. Jamani, tulicheka! Kusema kweli mwoga wa urefu nilikuwa mimi peke yangu. Wenzangu walikuwa na jambo jingine. Kwao Filda, mwanamke mwenye mume hapandi juu ya paa. Akipanda, ni kama amemtakia mumewe kifo. Waganda nao wakasema hata kwao ni mwiko. Wale wakubwa walikuwa wamekubaliana mambo yote mezani, ila hakuna aliyekumbuka kutuuliza sisi habari ya paa.

Nikamvuta Filda pembeni. "Dada, lakini Otim, miaka yote hii..."

"Usimalize," akanikata. "Nikipanda, nimemzika. Na Mama bado anapiga rangi viatu vyake."

Ilikuwa kweli. Kila Jumapili yule mama alitoa buti za kahawia za Otim chini ya kitanda, akazipiga rangi mpaka zinang'aa, akazirudisha.

Madamu Nasike hakuwa mtu mbaya, ila mvua ilikuwa inakaribia. Akasema Jumatatu asipoona mwanamke juu ya kenchi, anamkabidhi Saverio kazi. Jumapili hiyo nilikuwa Kisugu, nakula muhogo wao, Filda akalitoa jambo lake moja kwa moja, maana hajui kuzunguka.

"Mama, kesho nataka kupanda paa."

Mama Acayo alikuwa na buti moja mkononi. Akaendelea kusugua. Nikaacha kutafuna.

"Ukipanda," akasema hatimaye, "itanibidi nimlilie. Na nitamlilia wapi?"

Nilielewa. Miaka ile hukuruhusiwa kumlilia mtu aliyechukuliwa. Jirani yao mmoja alipiga yowe la msiba, wakaja wanaume wa usalama wenye miwani ya jua kumwuliza, "Nani alikuambia amekufa?" Wakaondoka naye pia. Kwa hiyo kina mama wa Kisugu walikuwa wamejaa vilio mpaka kooni, na kila mmoja amefunga mdomo. Hasira niliyoisikia siku ile ninayo hadi leo.

Filda akamwangalia mama mkwe wake. "Mabati yana kelele sana, Mama," akasema.

Yule mama akaendelea kusugua. Lakini buti hazikurudi chini ya kitanda.

Jumatatu wakafika wote wawili, Mama Acayo ana buti kwapani. Chini ya ngazi akajaza vitambaa kwenye ncha za zile buti ili zisimpwaye Filda, akaziweka chini. "Vaa," akasema. Filda akavaa, akapanda bila kugeuka nyuma. Mama Acayo akaingia ndani ya jengo, akakaa sakafuni katikati ya chumba.

Msumari wa kwanza ukalia. Na chini yake nikasikia kitu kingine, kidogo, kama mtu anayejaribu sauti aliyoisahau.

"Pandeni!" Filda akapaza sauti. "Pandeni, pigeni!"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wengi wetu tulikuwa na mtu aliyechukuliwa namna hiyo. Wakapanda, Waacholi, Waganda, wote. Hata mimi nikajifunga ule mkanda wa huruma nikapanda, namtaja Yesu kila ngazi. Tukapiga! Mabati yalinguruma Ntinda nzima. Na chini yetu Mama Acayo akamlilia mwanawe kwa sauti yote, akamwita kwa majina yake ya utotoni. Mzee Saverio alikuja mlangoni, akamwona. Sikumsikia akisema tutaona. Akachukua chuma, akasimama nje na kuanza kupiga pipa tupu kama mwehu.

Gari la jeshi likapunguza mwendo barabarani. Askari akatoa kichwa. "Kelele gani hii?"

"Maendeleo, afande!" nikamjibu kutoka juu.

Akacheka, wakaenda zao.

Paa lilipokwisha Filda alihesabiwa fundi, nami pia, na majengo yaliyofuata tuliyaezeka bila mtu kutuletea mikanda. Madamu Nasike aliwaandikia wakubwa wake kwamba wanawake walifanya kazi kwa shangwe kubwa. Sawa, na iwe shangwe.

Lakini ninachokiona mpaka leo ni ile saa ya adhuhuri. Mama Acayo alitoka nje kunywa maji, sauti imemkauka, macho yamevimba. Tukashusha nyundo. Filda akainama kutoka juu ya kenchi, buti za mumewe zimejaa vumbi.

"Umemaliza, Mama?"

Yule mama akafuta mdomo. "Bado."

Filda akatugeukia. "Leteni bati jingine."