Vyerehani vya Kumsubiri Mgeni

Tuliambiwa kwenye mkutano wa wazazi kwamba mtaala umebadilika, kwamba sasa sekondari kuna mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, na kwamba shule yetu ya kata, iliyo huku juu mlimani ambako hata mtandao wa simu hupanda kwa kuhema, imechaguliwa kufundisha ushonaji. Wazazi wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nauza nguo za mitumba mjini Moshi, na kazi hiyo imenifundisha kutopiga makofi kabla belo la nguo halijafunguliwa.

Nikauliza mwalimu wa somo yuko wapi. Mkuu wa shule akasema yupo. Nikauliza mara ya pili, maana jibu la kwanza huwa ni la kukutuliza tu, akasema ni yule madam wa Uraia, atapelekwa semina. Nikauliza na vyerehani. Vinakuja. Baba mmoja nyuma yangu akanong'ona kwa namna ya kutaka asikike: "Huyu mama anadhani yuko sokoni."

"Niko sokoni, mangi," nikamwambia bila kugeuka, kwa jina la heshima la wanaume wa huku. "Hapa tunauziwa somo, na wewe hata hujaligeuza ndani nje."

Walicheka, lakini cheko halikununua hata sindano moja.

Aliyenifanya niulize ni binti yangu. Alikuwa na alama nzuri, na majirani walishasema kwamba amali ni pa kuwaweka walioshindwa, mtoto mwenye akili zake haendi huko. Yeye alitaka kwenda. Likizo zote alikuwa akishuka nami mjini, na badala ya kuniuzia alikuwa akienda kusimama kwenye baraza la duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, mahali mafundi wamepanga vyerehani vyao na ambako mimi hupeleka magauni marefu yakakatwe. Watoto wengine wanaangalia simu; huyu alikuwa anaangalia mguu wa fundi. Nilipojaribu kumshawishi abaki kwenye masomo ya kawaida, alinijibu: "Mama, wewe unauza nguo ambazo watu wameshazivaa. Mimi nataka kushona ambayo hakuna mtu ameivaa."

Akaandikishwa. Ukapita mwaka mzima wa nadharia, na mwaka uliofuata, wakati wa mvua za masika, vyerehani vikafika kweli. Vilikuwa zawadi ya mzaliwa wa hapa kwetu aliyefanikiwa Dar es Salaam. Vilishushwa kutoka kwenye pikapu, vyeusi, vya kukanyaga kwa mguu, kila kimoja na meza yake iliyofungwa nailoni. Nilivihesabu vikishuka, nikavihesabu tena vilipopangwa. Vinane. Akina mama walipiga vigelegele, na safari hii nami nilitoa kimoja.

Kisha mwenyekiti wa bodi ya shule, mzee mstaafu anayeheshimika, akasimama akatoa shukrani ndefu, na mwishoni kabisa akasema vyerehani vitafungiwa stoo mpaka Desemba, ili aliyevitoa aje mwenyewe akate utepe avikute vipya.

Anayeijua Moshi anaijua Desemba. Ndipo watu wetu wanaporudi Krismasi kutoka miji ya mbali, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, na magari yanapishana kwa shida kwenye njia ambazo siku nyingine hupitiwa na wabeba majani ya mgomba ya kulisha ng'ombe. Kila nyumba huku ina kabati la vioo lenye vikombe vinavyomsubiri anayekuja Desemba, na mwenye nyumba mwenyewe hanywei. Sina ugomvi na vikombe. Kikombe hakina mtihani. Lakini mtoto wa kidato cha pili anao, na watu wazima wenye akili timamu walikaa wakaamua kuliweka somo zima kabatini.

Jioni moja nilirudi nikamkuta binti yangu amekaa kitandani, amepanga kandambili mbili sakafuni, moja mbele ya nyingine, anazikanyaga kwa zamu, kisigino, vidole, kisigino, vidole.

"Unafanya nini?"

"Mazoezi ya pedali. Madam amesema tufanye nyumbani."

"Na shuleni mnafanyia nini?"

"Ubaoni. Anachora cherehani, sisi tunataja sehemu zake. Nazijua zote. Jana tulijifunza kukata uzi."

"Kukata uzi ubaoni? Mnakataje?"

"Madam alifuta kwa dasta."

Alisema bila kucheka, na hilo ndilo lililonichoma. Nimedanganywa na watu wengi katika biashara, nimeuziwa belo la makoti ya baridi kali nikayapeleka Chekereni kwenye mashamba ya mpunga, ambako mtu huvua shati ili apate hewa. Yale nilijitakia. Lakini mtoto wa watu kukanyaga kandambili huku vyerehani vinane vimelala stoo, umbali wa kutupa jiwe, hilo sikulitaka, na sikuona ni nani aliyelitaka.

Kesho yake nikaenda kwa mkuu wa shule. Akaniambia ufunguo anao mwenyekiti. Nikapanda kwa mwenyekiti, nikamkuta kibarazani kwake.

"Shikamoo, meku," nikamwamkia, kama tunavyowaita wazee wetu wa kiume.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya vyerehani."

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Vyerehani vina nailoni, havipigwi baridi."

Akacheka kidogo. "Sikiliza. Yule kijana akikuta vimekwaruzwa, atasema sisi hatuna shukrani. Na mwakani anataka kutupa kompyuta."

"Hizo nazo zitamsubiri nani, meku?"

Nikaanza kama ninavyoanza siku zote, na kubwa: fungua vyote. Akatikisa kichwa. Nikateremka, vinne. Akatikisa. Viwili. Mwishowe nikamwambia, "Nipe kimoja tu, kile cha kona ya nyuma ambacho hata mpiga picha hatakiona." Akasema hata hicho hakitoki. Nimebishana na wauzaji wa Bomang'ombe ambao wanaweza kukuuzia kiatu cha mguu mmoja ukashukuru, lakini sijawahi kukutana na mtu aliyekazania bei ya kitu asichokiuza.

Mwezi wa nane, siku ya Jumamosi, yule madam wa Uraia alishuka mjini akaja kwenye meza yangu. Ni msichana mdogo, mtaratibu, kila mara akinisalimia anainama kidogo. Akaanza kupekua rundo la sketi. Nikadhani ananunua, nikataja bei ya juu kidogo ili tupate pa kuanzia.

"Si za kuvaa, mama," akasema. "Mwezi wa kumi watakuja watu wa kupima kazi za vitendo. Kila msichana anatakiwa aonyeshe sketi aliyoshona mwenyewe. Sasa nimefikiria, wewe huwezi kukosa. Zisizo na mbwembwe. Tukizitoa lebo hapa kiunoni, nani atajua?"

Nilimwangalia mpaka akaacha kupekua. Kwamba sijauza uongo wa rejareja sitaapa, lakini wa jumla sijawahi kuuuza.

"Madam, unataka niwashonee watoto elimu yao kwa belo?"

Macho yakamjaa machozi. "Mama, mimi nimesomea Uraia. Semina ilikuwa ya siku mbili, cherehani kilikuwa kimoja, sisi tulikuwa foleni. Zamu yangu ilipofika, uzi ulikuwa umekwisha. Wakija wakakuta watoto hawana kitu, nitaulizwa mimi, si mwenyekiti."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ndivyo mambo haya yanavyopangwa: karatasi ya somo jipya inapanda mlima haraka, maana haina mzigo, lakini uzi, mwalimu na ufunguo vinabaki njiani, na kila mtu utakayemkuta njiani ana mwenzake wa kumwonyesha kwa kidole. Nikamnunulia chai, nikamwambia anipe muda.

Nyumbani nikamweleza binti yangu. Sikutaka kumficha, maana alama zilikuwa zake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ukipeleka hizo sketi," akasema, "nitasimama mbele ya wale watu niwaambie zimetoka Ulaya."

"Na ukikosa alama?"

"Nikipata kwa sketi ya mitumba, siku nikimaliza shule nitamshonea nani, mama? Si nitakaa na wewe pale mezani?"

Meza yangu imemlisha toka anazaliwa, lakini nilimwelewa.

Mkutano uliofuata wa wazazi ulikuwa na ajenda moja: mapokezi ya Desemba. Akina baba wa ndafu, mbuzi wa kuchomwa mzima, wakapangwa, akina mama wa mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, wakapangwa, na mama mmoja mtu mzima, ambaye mbege yake, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ndiyo inayonywewa kwenye kila shughuli ya kata hii, akaambiwa aanze kufikiria ulezi. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akajifanya hanioni. Nikasimama.

"Watoto wanapimwa mwezi wa kumi, mgeni anakuja wa kumi na mbili. Mpaka leo hakuna aliyegusa cherehani. Naomba stoo ifunguliwe."

"Mama, tulishalizungumza," mwenyekiti akasema. "Unataka kijana wetu aje akute mitumba?"

Watu wakaguna. Pale alikuwa amenigusa kwenye kazi yangu.

"Meku, hilo shati la mistari ulilovaa lilitoka kwenye belo langu. Limekukaa vizuri sana. Na hujawahi kulalamika kwamba mwenzako alitangulia kulivaa."

Kicheko kilichopigwa pale kilimfanya mzee aangalie mikono ya shati lake kama anaikuta kwa mara ya kwanza. Mkuu wa shule, kwa kutaka amani, akasema tumpigie mtoaji mwenyewe aamue. Akaweka simu kwenye spika. Nikajua tumeshinda: mtu wa Dar es Salaam, mfanyabiashara, atashangaa tu kusikia bado havijafunguliwa.

Sauti ikasema: "Jamani, kama inawezekana tuvumilie. Ninakuja na wageni wangu na mtu wa kamera. Itapendeza tukivikuta kama vilivyotoka dukani."

Mwenyekiti akaketi kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi nilibaki nimesimama.

Ndipo yule mama wa mbege akazungumza, palepale alipokaa, kwa upole: "Basi sawa. Na masufuria yetu pia atayakuta kama yalivyotoka dukani. Ulezi nao nitauacha kwenye gunia, asije akaukuta umeguswa."

Mbege si soda, haifuatwi dukani asubuhi ya sherehe. Asipoloweka ulezi yeye, hakuna wa kuuloweka. Akina mama wa mtori wakatazamana, mmoja akasema, "Na ndizi zangu zibaki na nailoni." Mkuu wa shule alikuwa bado hajakata simu.

Sauti kwenye spika ikakohoa, ikasema kwamba bodi iangalie itakavyoona inafaa.

Hapo nikakaa sawasawa, maana mlango wa bei ulikuwa umefunguka. Mwenyekiti akataja viwili. Nikataja vinane. Akasema vitatu na visitoke stoo. Nikasema saba na vitoke leo. Tulikutana kwenye vitano. Vitatu vikabaki na nailoni zao kwa ajili ya utepe. Nilimwambia kamera ina jicho moja, vitatu vinaitosha.

Watoto walipata wiki tatu. Kazi ya miaka miwili, wiki tatu. Wiki ya kwanza walivunja sindano, wakatoboa vidole, na uzi wa chini ulijikunja kama nywele za mtoto asiyechanwa. Madam alijifunza pamoja nao, bila kuona haya. Binti yangu alirudi kila jioni akinuka mafuta ya mashine, na sketi yake ya bluu alikuwa akiishona, anaifumua, anaishona.

Siku ya kupimwa, mmoja wa wale wapimaji aliishika sketi hiyo, akaigeuza ndani nje, akafuata pindo kwa kidole. Lilikuwa linapanda na kushuka.

"Kote tulikopita sketi zimenyooka," akamwambia. "Hii imekuwaje?"

"Hii nimeshona mimi," binti yangu akasema.

Yule mpimaji alimtazama, halafu akaandika. Alama zilipotoka, alikuwa amepita, lakini kwa shida. Unyoofu ulikuwa na alama zake na yeye alizikosa karibu zote. Nilipandwa na hasira upya. Nikasema nitakwenda huko huko wilayani niwaulize wamepima nini, kama wamepima kushona au wamepima nani ana mama mwenye belo, na nilikuwa nimeshafunga khanga kiunoni.

"Mama, acha," akasema. "Pindo limepinda kweli."

Akatoa kiti nje kwenye mwanga, akaweka sketi mapajani, akaanza kufumua.