Nguzo Zilizozunguka Kiwanja Changu

Mtaa wetu kule Mwembesongo ulikua haraka kuliko mji ulivyoweza kuufuata. Tulipojenga sisi wa mwanzo kulikuwa na mashamba ya mahindi na vichaka, na mtu akikuuliza unakaa wapi ulimwonyesha kwa kidole. Ilipoingia miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, watu walishuka kutoka milimani, wengine wakaja kwa treni na mabasi kutoka kila mkoa, na kila aliyepata mifuko michache ya saruji alisimamisha vyumba viwili, akaacha nondo zimechomoza juu kwa kutumaini. Nyumba zilikuja, lakini umeme haukuja. Uliishia barabara kubwa, na jioni sisi wa ndani tuliwasikia wa barabarani wakiangalia video.

Jirani yangu wa mbele alikuwa zamani mbeba mizigo katika kiwanda nilichokuwa mtunza stoo. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na funguo kiunoni. Yeye alikuwa na kipande cha gunia begani. Akinipa karatasi ya kutolea mali aliishika kwa mikono miwili. Kisha biashara ilipofunguliwa aliacha kazi mwenyewe, kabla hata hawajaanza kutupunguza, akawa anapanda milimani Mgeta kununua kabichi na karoti na kuzipeleka Dar es Salaam kwa lori la kukodi. Tulimcheka. Siku niliyorudi nyumbani na kiinua mgongo changu mfukoni, nilimkuta juu ya ngazi anapaka nyumba yake rangi.

Mke wangu alizaliwa Uluguru, na yule bwana vilevile, kwa hiyo alimwita mke wangu dada na mimi akaniita shemeji. Walikuwa wakizungumza Kiluguru juu ya ua, wakicheka, na mimi niliyeishi na mwanamke huyo miaka yote nilikuwa sijui neno zaidi ya salamu. Nakiri kwamba nilianza kumwonea wivu kwa mambo madogo. Niliionea wivu ngazi yake. Niliionea wivu sauti ya lori likimrudisha asubuhi, na namna wake zake wawili walivyopatana.

Kiinua mgongo kilipoanza kuyeyuka, mke wangu alifanya jambo bila kuniuliza. Alipokea zamu yake ya upatu, akanunua friji kuukuu kwa afisa mmoja aliyekuwa anahama, akaliweka sebuleni. Kwa kuwa hatukuwa na umeme, ndani yake aliweka sukari na unga, sisimizi wasifike. Kila Jumamosi alilifuta kwa kitambaa cha maji ya sabuni.

"Umeme ukifika tu," alisema, "nauza barafu na maji baridi. Wewe pumzika, umefanya kazi ya kutosha."

Alisema kwa wema. Mimi nilisikia kwamba nimekwisha.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano uani kwake. Alieleza kwamba shirika la umeme liko tayari kuingia ndani, ila wateja walipie nguzo. Neno la siku zile lilikuwa kuchangia: shuleni kuchangia, hospitali kuchangia, na sasa nguzo. Alieleza pia masharti yake. Nguzo zikishasimama zinakuwa mali ya shirika, na yeyote atakayekuja nyuma ataunganishwa bila kuzilipia tena, atalipia waya na mita yake tu. Ndiyo maana kila mtu alikuwa anamsubiri mwenzake atangulie, na ndiyo maana, alisema, ni afadhali tuchange wote kwa pamoja.

Jirani yangu akasimama wa kwanza. Hakuwa msemaji. Alisema, "Mimi nitatoa mafungu matatu, wengine fungu mojamoja. Tusichoshane." Akakaa.

Watu wakaanza kunong'ona kwa furaha, na mimi nikaona jinsi mambo yatakavyokuwa: yeye atakuwa mtu wa nguzo, na mimi nitakuwa mtu wa fungu moja. Nikanyanyuka. Nilizungumza vizuri, Mungu anisamehe. Nilisema mji unakusanya kodi zetu, ushuru wetu wa soko, kodi ya majengo kwa nyumba ambazo haujazifikia hata kwa taa. Iweje tununue nguzo kisha tuwakabidhi wenyewe? "Leo tunalipa nguzo," nilisema, "kesho tutalipa lami, keshokutwa tutalipishwa mvua!"

"Shemeji," alisema jirani, "mvua watatupimia kwa ndoo au kwa bati?"

Walicheka, lakini walinipigia makofi mimi. Mkutano ukaisha bila mchango.

Mpaka leo naamini maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake. Nimeona mitaa mipya mingi ikijengwa hivyohivyo, mwenye nacho akitangulia na mji ukimfuata nyuma yake badala ya kumtangulia. Lakini sikusimama kwa ajili ya ukweli huo. Laiti yeye angepinga mchango, mimi ningeutetea, kwa Kiswahili kile kile kizuri. Na wale waliopiga makofi walirudi kuwasha vibatari.

Haikupita muda, tukasikia kwamba jirani amelipia nguzo zote peke yake.

Wapimaji walikuja asubuhi na vigingi vyao. Walinyoosha kamba kutoka barabarani, na mstari ulionyooka ulihitaji nguzo moja isimame kwenye kona ya kiwanja changu, pale nilipokuwa natupa majivu. Mkubwa wao, kijana mwenye kofia, alinisalimia kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Tunaomba tuchimbe hapa."

"Hapana."

"Hatuli nafasi, mzee. Ni shimo moja tu."

"Nimesema hapana. Kiwanja kina mwenyewe."

"Mzee, nguzo haili ugali." Wenzake wakacheka. "Na ikisimama hapa, wewe ndiye utakayeunganishwa wa kwanza. Wenzako huko wanatubembeleza."

Nyuma yangu mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. Niliona aibu kubadili neno mbele ya vijana, na niliona vibaya zaidi kwamba kila mgeni atakayepita atasema zile ni nguzo za fulani, na moja amemsimamishia yule mtunza stoo kwake. Nikasema kwa mara ya tatu, hapana.

Jioni jirani alikuja mwenyewe. Alikataa kiti.

"Shemeji, ni kona tu ile. Hata mbuzi halali pale."

"Ni kona yangu."

"Ni yako," alisema. "Basi."

Hakuongeza sauti. Kama angenitukana ningepata nafuu. Alikwenda akalipia nguzo nyingine mbili, na mstari ukazungukia kichochoro cha nyuma. Watu wa kichochoro kile hawakuwa wametoa hata senti, wala hawakutarajia chochote. Wakawaka wote. Kichochoro ambacho hakikuwa na jina kikaanza kuitwa kwa jina la jirani yangu. Nyumba yangu ikabaki katikati kama jino bovu: waya wa kuingilia nyumba una urefu wake, na kutoka kila nguzo kwangu ulikuwa haufiki.

Siku chache baadaye nilitoka mjini nikakuta mkokoteni mlangoni. Mke wangu ametoa sukari na unga, na vijana wawili wa sokoni wamelilaza friji juu ya magunia.

"Unakwenda wapi na friji langu?" niliuliza.

"Lako?" Alicheka kidogo. "Linakwenda kwenye umeme. Nimeshaongea na wake zake, wamenipa nafasi barazani."

"Basi beba na godoro!"

Nilisema kwa sauti, na majirani walikuwa nje. Wale vijana waliangalia chini. Mke wangu alikaza kamba ya mkokoteni, akajaribu fundo lake, ndipo akanitazama.

"Godoro halihitaji umeme," alisema.

Akaondoka akilishikilia friji lisiyumbe.

Tangu hapo barafu yake ilipata wateja kutoka hata mitaa ya mbali, wauza samaki, wanafunzi, mafundi wa baiskeli. Alirudi kila jioni, akatupikia mimi na mwanetu, akanisalimia kama kawaida. Hakukosa siku hata moja. Lakini siku nzima alikuwa barazani kwa jirani, na mimi nilikaa dirishani kwangu nikisikiliza kicheko chake na kile Kiluguru chao. Hakuna lolote baya lililokuwa likitendeka pale. Nilijua hata wakati ule. Wake za yule bwana walikuwa wamekaa naye hapohapo, wakisukana nywele. Nilichokuwa nakionea uchungu si mwili wake. Ni kwamba alikuwa na raha mahali ambapo mimi sikuwapo, barazani kwa mtu niliyemcheka alipoanza kuuza kabichi.

Roho ya kwa nini ikizidi humfanya mtu mjinga. Ulipoanza mgao wa umeme, nilikuwa nafurahi. Taa za kichochoro zikizimika zote kwa pamoja na watoto wakaguta, mimi niliyekuwa gizani tangu mwanzo nilinyoosha miguu kama bwana harusi. Kwa mara ya kwanza tulikuwa sawa.

Kisha mgao ukawa mrefu, na jioni moja mke wangu alirudi na ndoo kichwani. Akaitua mbele yangu. Ilikuwa imejaa vifuko vya nailoni, barafu yote ya siku ile, maji matupu. Sikujua kwamba uso wangu unaonekana. Kibatari kilikuwa karibu.

"Umefurahi," alisema.

"Mimi?"

"Umefurahi. Nimekuona." Alianza kutoa vifuko kimoja kimoja na kuvipasulia kwenye mtungi, maji yasipotee. "Wali uliokula mchana ulitoka kwenye barafu. Na viatu vya mwanao vya shule. Na hayo mafuta ya taa unayoyawasha. Mimi sijakuuliza kwa nini uliikataa nguzo. Nilidhani siku moja utaniambia mwenyewe."

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilisema mgao utakwisha.

Asubuhi yake nilivuka njia kwenda kwa jirani, kwa mara ya kwanza tangu zile siku za vigingi. Alikuwa anachambua kabichi, mbovu huku, nzima huku.

"Shemeji! Karibu. Chukua kigoda."

"Nimekuja kuhusu nguzo zako," nilisema. "Nataka kuunganishwa."

Alifuta mikono. "Zangu? Mimi sina nguzo, shemeji. Nililipa tu. Nikichelewesha bili wananikatia na mimi, huku nazitazama. Nenda ofisini kwao ukaombe, watakwambia unahitaji nguzo moja pale kwenye kona." Kisha akatabasamu, na hicho ndicho kisu pekee alichonichoma katika mambo yote yale. "Ila umwombe ruhusa mwenye kiwanja. Mkali yule."

Nilicheka kwa sababu hakukuwa na la kufanya. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu mkutanoni kwamba nguzo zitakuwa za shirika, na ndiyo hoja niliyoitumia kuwavunja watu moyo. Hata hivyo nilikuwa nimemwonea wivu kwa kitu ambacho hakuwa nacho.

Ya kulipia sikuwa nayo. Aliyelipia ni mke wangu. Walikuja wapimaji wengine, wakachimba palepale penye majivu, nami niliwasaidia kuondoa mawe. Wiki hiyo fundi akaja kutandaza waya ndani. Alikuwa mtu mwepesi, anaimba huku anapigilia. Nilimshikia ngazi. Alipomaliza sebule alishuka, akatazama ukuta ulivyo mtupu, akauliza kwa sauti ili ifike jikoni:

"Mama, soketi ya friji tuiweke upande gani?"

Nilingoja jibu kwa hamu kuliko yeye.

"Hapo weka taa tu, fundi," mke wangu alijibu. "Friji lina mahali pake."

Fundi alinitazama mimi, mwenye nyumba, kama kuna la kuongeza. Nikamwambia aweke taa.