Dawa nilizomfichia mama chini ya mto

Habari za humu ndani. Naombeni jina langu libaki kwa admin, maana Ifakara ni ndogo na wengi mnanunua mchele kwangu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mtoto wa kwanza kwetu Malinyi. Mama yetu ni mzee sana, miguu haina nguvu, na tangu mwaka jana yupo kituo cha kulelea wazee kwa sababu sisi watoto tumetawanyika.

Kwetu kumpenda mzee ni kumpelekea dawa. Kila aliyekwenda kumwona alipitia duka la dawa: huyu za presha, huyu za usingizi, huyu za miguu. Ukienda mikono mitupu unasemwa ukoo mzima. Mama akawa anameza kiganja kizima, halafu anashinda anasinzia, hata mimi aliniita jina la marehemu shangazi.

Daktari na nesi wa pale wakazipunguza kidogo kidogo. Nesi, binti mdogo tu, aliniambia, "Shikamoo mama. Bibi alikuwa anameza dawa mbili za presha zinazofanya kazi ileile, na hizi za usingizi zinamlegeza. Tukimwachia zote ataanguka." Hata marahaba sikuitika. Nilimjibu mbele za watu kwamba kama wamemchoka mama yangu waseme. Akaendelea na kazi yake. Na kweli mama alichangamka, akaanza kuulizia mashamba na kudai apikiwe perege. Mimi nikasema ni bahati tu.

Kilichonimaliza ni simu za kaka yangu aliyeko Kidatu. "Dada, yaani mama anameza vidonge viwili na wewe upo hapo hapo unaangalia?" Niliona aibu. Nikanunua dawa zote zilizoondolewa, nikamwekea mama chini ya mto, nikamwambia, "Meza ukienda kulala, nesi asijue." Mama alinitii. Nami moyoni nilijiona ndiye ninayempenda kuliko wote.

Wiki iliyopita alianguka alfajiri akienda chooni, nyonga ikavunjika. Nilipigiwa simu nikafika kabla hawajampeleka hospitali. Jamani, kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kumshika mama mkono, ni kutoa vidonge vilivyobaki chini ya mto na kuvificha kwenye kanga yangu. Mama alikuwa ananitazama.

Sasa kaka amekuja juu, anasema nesi ndiye aliyemnyima mama dawa za presha mpaka akaanguka, na uongozi umemsimamisha binti wa watu kazi mpaka kikao. Mimi nipo pale naitikia tu.

Jana nilibaki na mama wodini peke yetu. Akaninong'oneza, "Usihofu mwanangu. Wameniuliza, nimesema niliteleza tu." Nilitoka nje nikalia. Yeye ndiye mwenye maumivu, na bado ananificha mimi.

Kikao ni Jumamosi, na mimi mkubwa ndiye niliyechaguliwa kuisemea familia. Nikikiri, ndugu zangu hawatanisamehe. Nikinyamaza, yule binti anapoteza kazi, na mama yangu anakuwa mwongo uzeeni kwa ajili yangu. Najua mtanitukana, nitukaneni tu. Lakini nishaurini, siku hiyo nikisimama mbele ya yule binti, naanzia wapi?