Mzee Kasimiri na taa ya mwanae

Hili ukisimuliwa utabisha: mzee wa Kibamba kaibiwa gogo lake la mpingo, asubuhi kaamka anacheka!

Jua limeshachomoza. Mzee Kasimiri (74), mchonga vinyago, kakaa uani patasi mkononi, uso kaugeuzia jua. Kidole gumba kina kidonda kinachokauka.

"Nilisinzia huku nachonga, mjukuu wangu," ananiambia. "Mie! Zamani hapa vichaka, umeme tunauonea Ubungo. Mke wangu, Mama Anastasia, Mungu amrehemu, akizima koroboi tu, nishakoroma. Giza lile ungeweza kulichonga."

Ishu ilianza mwaka jana. Mwanae Valerian alimfungia taa kubwa ya sola, vibaka wasiguse magogo yaliyo chini ya dirisha la chumba chake. Mwanga ukamfuata mpaka kitandani. Pazia zito likawekwa, joto likamtoa nje. Usiku anakesha, mchana anasinzia. Alipojikata, bintiye Anastasia akazificha patasi zote.

"Nikamwambia, baba, utatuachia vidole vinne," anasema Anastasia.

"Na mie nikamuuliza, mama, mchongaji bila patasi anangoja nini? Jeneza?"

Daktari wa zahanati ndiye aliyewaamulia. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya usingizi, melatonini. Kwa wazee wengi hupungua, na mwanga mkali wa usiku huipunguza zaidi. Akashauri: usiku giza, asubuhi jua.

Taa ikazimwa. Mzee akalala, weeee! Mikono ikatulia, Anastasia akarudisha patasi.

Ndipo juzi vibaka wakaja. Gogo walilobeba lilitoka Newala. Mzee alilitunza amchonge marehemu mkewe, kabeba mtungi kichwani, kama alivyomwona mara ya kwanza kisimani.

"Hukusikia hata geti likifunguliwa, baba?"

"Nilikuwa naota nipo na mama yako kisimani. Ningeamkaje?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Anastasia hacheki. Yamebaki magogo mawili, na anataka taa iwashwe leo leo.

"Gogo nitaagiza lingine Newala," mzee anamjibu. "Usingizi nitauagiza wapi?"

Anataka amalize kinyago hicho kabla ya misa ya kumwombea mkewe, mwezi wa kumi na moja. Gogo la Newala lisipowahi, anasema lile dogo kati ya mawili yaliyobaki litamtosha. Mkewe hakuwa mrefu.

Jua linazama Kibamba. Rimoti ya taa iko mkononi mwa Anastasia, kidole juu ya kitufe, baba yake anamtazama tu.

Ungekuwa wewe, ungebonyeza?