Barabara Hii Inaishia kwa Nani?

Mtu aliyekulia kwetu Taita akiona barabara fupi ya lami inachepuka kutoka barabara kuu na kupotelea vichakani, haulizi inakwenda wapi. Anauliza inaishia kwa nani. Kwetu lami haichepuki bure. Ukiifuata utakuta geti jeusi, askari wa kulinda, na nyumba ya mheshimiwa, awe bado yuko madarakani au aliangushwa zamani. Ukilipita geti, vumbi linaendelea kama kawaida.

Ndiyo maana siku ya kwanza nilipopeleka mzigo kwenye kijiji kimoja cha mashambani, jimbo la New York, nilitafuta geti. Mimi ni dereva wa trela. Naishi Brampton, pembeni ya Toronto, na kazi yangu ni kuvusha mizigo mpakani, kwenda na kurudi. Siku hiyo nilikuwa nimebeba chumvi ya ng'ombe, yale mawe makubwa ya kulamba, napeleka kwenye duka la chakula cha mifugo. Niliiacha barabara kuu nikaingia tawi la lami safi, lina mistari ya njano katikati na kibao cha serikali ya jimbo chenye namba. Namba ilikuwa ile ile ya barabara kuu, imeongezwa herufi moja tu mwishoni, kama mtoto anayeitwa kwa jina la babake. Nikapita mahindi, mabanda ya ng'ombe, kanisa lililopigiliwa mbao madirishani. Sikuwa hata nimemaliza chai yangu nilipoona kibao kingine kinachosema barabara ya jimbo imekwisha. Mbele yake kulikuwa na ghala la nafaka, posta ndogo, nyumba chache zilizochoka na duka nililokuwa nalitafuta. Geti hakuna. Mheshimiwa hakuna.

Nilishusha mzigo huku nikiangaza macho. Nilijiuliza watu hawa wamemficha wapi mkubwa wao.

Jioni nilipofika nyumbani nilimsimulia mama. Wakati huo mama alikuwa kwangu, amekuja kunisaidia na watoto, kwa sababu mume wangu naye ana zamu zake ghalani na hatukutani ila mlangoni. Nyanya wengine wanaoletwa huku husubiri zawadi. Mama alisubiri barabara. Kila nikirudi safari aliniketisha kwenye kiti cha jikoni, katika ile nyumba yetu ya chini ya ardhi yenye madirisha ya kuonea miguu ya watu, akaniuliza nimepita wapi, kuna lami au changarawe, mifereji imechimbwa au maji yanajiendea tu. Binti yangu alikuwa akimcheka kwa Kiingereza. Mama hakujali, alimjibu kwa Kiswahili kwamba mwenye kiatu kikavu hajui matope.

"Na mwishoni ulikuta nani?" aliniuliza siku hiyo.

"Hakuna mtu, mama. Duka la chumvi."

"Haiwezekani. Hukutazama vizuri. Siku nyingine uliza."

Mama hakuyauliza hayo kwa udadisi wa mgeni. Nyumbani kwetu ni juu mlimani, na lami iko chini kabisa. Tangu nikiwa mtoto kila uchaguzi umetuletea ahadi ya barabara, na kila baada ya uchaguzi barabara imebaki njia ya mbuzi. Baba aliugua wakati wa masika. Gari lililokuja kumchukua lilikwama bondeni, likazama mpaka milangoni. Wanaume wa jirani wakamweka kwenye kiti cha sebuleni, kile chake chenye mikono, wakambeba wakipokezana, wanateleza kwenye ule udongo mwekundu na kuinuka. Baba alikata roho kabla lami haijaonekana. Mimi nilikuwa Brampton, simu sikioni, nasikia mvua na watu wakisema shika hapo, shika hapo.

Kiti kilirudishwa nyumbani, mama akakiosha na kukiweka mahali pake. Baada ya matanga nilianza kumwandama aje kwangu. Alipokubali, moyoni nilishaamua harudi tena. Sikumwambia, lakini nilikuwa nimeanza kuulizia utaratibu wa kumfanya mkazi. Niliapa kwamba mtu wa pili hatabebwa kwenye kile kiti.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa mke wa kaka yangu. Wapima ardhi wamekuja, alisema. Wamepigilia vigingi kutoka chini mpaka pembeni mwa shamba la mama, vina rangi nyekundu kichwani. Walipofika kwa mama wakakuta kufuli. Wamesema watarudi kuzungumza na mwenye shamba kuhusu kusogeza ua, na wasipomkuta barabara itaishia kwa jirani wa chini, kabla ya ule mteremko mbaya wa kupandia kwa mama. Jirani amewaambia yeye yuko tayari hata leo.

Mama aliusikiliza ujumbe mara mbili. Akavua miwani.

"Nitafutie tiketi," akasema.

"Mama, vigingi hivi si tumeviona tangu zamani?"

"Vya safari hii vina rangi."

"Hata vile vya kwanza vilikuwa na rangi. Si tulivifungia mbuzi?"

"Nitafutie tiketi, mwanangu."

Tulizozana kwa siku kadhaa, kwa sauti ya chini ili mwenye nyumba aliye juu yetu asisikie. Nilimwambia atatapeliwa. Nilimwambia baridi ya huku inakaribia kuisha, jambo ambalo halikuwa kweli. Mwisho nikamwambia lililo moyoni: mama, sitaki ubebwe kama baba. Aliinuka akaenda kupiga pasi zile alizoziita sare za shule za wajukuu, ambazo hazikuhitaji pasi, maana watoto wa huku hawavai sare, zilikuwa fulana tu.

Nilipopata tena safari ya chumvi, nilikumbuka agizo lake. Mwenye duka alikuwa bibi wa makamo ya mama, mrefu, ana koti la mfanyakazi na penseli sikioni. Alipomaliza kutia sahihi nikamuuliza bila kuzunguka: mkubwa gani aliishi hapa hata mkawekewa barabara ya jimbo? Alidhani namtania. Nilipomweleza mambo ya kwetu na mageti yake alicheka mpaka akashika kaunta, halafu akanivutia kigoda.

Hakukuwa na mkubwa, alisema. Kulikuwa na maziwa. Zamani hizo kila nyumba hapo ilikuwa na ng'ombe, na maziwa yalipelekwa kituo cha treni kwa magari ya farasi. Theluji ikiyeyuka, njia iligeuka uji, magurudumu yakazama, maziwa yakachachia njiani. Serikali ya jimbo ikaja kujenga barabara kuu, kijiji kikafurahi, kumbe barabara ikapita bondeni na kukiacha kijiji pembeni. Vijiji vingi vilipatwa na hayo. Watu wakalalamika, ndipo jimbo likaanza kuviunganisha vijiji hivyo na barabara kuu kwa vipande vifupi kama hiki. Vipande vile viko kila mahali, aliniambia, ukitazama ramani utaviona vimechomoza kama miiba.

"Basi mliomba mkapewa," nikasema.

"Tuliomba tukanyimwa."

Mhandisi wa jimbo, alisema, alifika wakati wa kuvuna majani ya mifugo. Watu wote walikuwa mashambani. Akabisha milango, akaona hakuna mtu, akaandika kwamba watu wamehama. Akaja tena mwaka uliofuata, msimu ule ule, akaandika vile vile. Bibi yake huyu mwenye duka, mama wa mzazi wake, aliposikia habari hiyo alikasirika. Msimu uliofuata hakwenda kuvuna. Aliwaacha wenzake wakimnung'unikia, akatoa kiti nje, akakiweka pale njia inapoingia kijijini, akawa anamenya viazi vyake hapo kila siku. Mhandisi akaja, akamkuta. Bibi akampa viazi vya kuchemsha, akamtembeza nyumba kwa nyumba, akamwonyesha magurudumu yaliyovunjika. Babu, mumewe, akasogeza ua wake mwenyewe kupisha lami.

Nilimuuliza kama sasa mambo ni mazuri. Akatikisa kichwa. Jimbo limechoka na vipande hivi, linataka kuking'oa kibao na kuikabidhi barabara kwa kaunti, na kaunti inasema haina fedha ya kuzoa theluji. Wanakijiji wameitwa mkutanoni. "Nitakwenda," alisema, "na nitakaa mbele."

Kabla sijaondoka alinipa jiwe dogo la chumvi, la mbuzi, nimpelekee mama.

Nawaambia ukweli, nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyepata dawa. Nilidhani habari hii itamtuliza mama. Ataona kwamba hata Marekani barabara huchukua nusu ya maisha ya mtu, na ukiipata wanakuja kukunyang'anya kibao. Nikamsimulia yote, na chumvi nyingine nikaongeza mwenyewe. Kwenye habari ya kaunti alicheka kwa sauti kubwa.

"Kumbe hata huko wanarushiana? Jimbo linasema ni ya kaunti, kaunti inasema ni ya jimbo?"

"Vile vile, mama."

"Basi ni watu kama sisi."

Alikuwa akichambua maharagwe, akaendelea kuchambua mpaka sinia likaisha. Ndipo akaniuliza kitu kimoja tu: yule bibi aliketi kwenye kiti cha namna gani? Nikamwambia sijui, sikuuliza. Nikaona nimejichimbia shimo mwenyewe.

"Asiyekuwapo na lake halipo," mama alisema. "Wanabisha mlango wangu, nami niko hapa natazama viatu vya watu dirishani."

Kesho yake nilimkatia tiketi. Nilikuwa na hasira, sitaki kujipamba. Uwanja wa ndege jiwe la chumvi lilizidisha uzito wa sanduku, karani akatushauri tuliache. Mama alitoa viatu vipya nilivyomnunulia, akavivaa juu ya soksi mbili, akayaacha makoti yote mawili ya baridi mikononi mwangu, na jiwe likabaki sandukuni. Binti yangu alimkumbatia akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, kama anayevuka mto kwa mawe, "Nyanya, rudi." Mama akamwambia, "Wewe ndiye utakuja. Njia itakuwepo." Mimi nililia garini, makoti yako kiti cha pembeni.

Wapima ardhi hawakuja wiki ile wala mwezi ule. Mke wa kaka yangu alikuwa akinipigia kuniambia mama amekitoa kiti cha baba sebuleni na kukiweka uani, mkabala na kigingi cha mwisho, na hapo ndipo anapochambulia mboga, anapoombea, anapopokea wageni. Watu walianza kusema upweke umemlemea. Hata mimi niliogopa. Mvua ikinyesha aliingia ndani, ikikatika alirudi. Wapima ardhi walikuja siku ya soko, mlima mzima ukiwa umeshuka kuuza, wakamkuta peke yake. Aliwapa chai ya maziwa ya mbuzi. Ua aliusogeza mwenyewe, akang'oa migomba minne aliyoipanda na baba, na kuhusu migomba hiyo hakuniambia neno, nilielezwa na wengine.

Barabara ilikuja. Si lami, ni changarawe iliyoshindiliwa, ina mifereji pande zote mbili. Fedha za mkandarasi ziliisha hapo hapo kwenye ua wa mama. Greda liligeuzia uani kwake, likaondoka, na mbele yake njia ya mbuzi inaendelea.

Siku niliyoiona nilikuwa kule kule kijijini kwa mwenye duka, nimeegesha trela, nasubiri washushe chumvi. Kibao cha jimbo kilikuwa kimeshang'olewa, umebaki mlingoti. Mama akanipigia simu ya video, amekaa kwenye kiti cha baba, ananionyesha barabara imetanda chini yake mpaka inapokata kona. Mwenye duka alisogea akachungulia begani kwangu, wakapungiana mikono, kila mmoja akisema lugha yake.

Wakati huo pikipiki ikapanda ile kona, ikaja ikasimama mbele ya mama. Ilikuwa na mgeni, sauti si ya kwetu, labda muuzaji wa vitu. Nilimsikia vizuri.

"Shikamoo mama. Samahani, hapa ni kwa mheshimiwa gani?"

Mama aliishusha simu, nikawa naona anga tupu na jani la mgomba.

"Ni kwa mume wangu," alisema.

"Nimemkuta?"

"Umemkuta. Yuko hapo nyuma ya nyumba, tulimlaza masika yale. Barabara ni yake, ilichelewa tu kumfikia."

Yule mtu alizima pikipiki. Nilisikia akisema pole, mama, na mama akamwambia aketi, ataletewa chai.